Moyo wa Plamedi kwenye Barabara ya Ituri

Tangu turudi Kisangani, hakuna siku inayopita bila mtu kusimama mlangoni pa karakana yangu na kuuliza: "Kambale, ilikuwaje huko?" Nimesimulia vipandevipande, huku mkono mmoja uko ndani ya friji ya mtu, na kila mmoja wenu ameondoka na kipande chake. Sasa nasikia huko Makiso wanasema mtoto alipasuliwa kifua mara tatu, na huko Lubunga wanasema amewekewa moyo wa plastiki. Basi nimekaa chini nimeandika yote. Pitishaneni karatasi hizi, na mkimaliza mniache nifanye kazi.

Mnanijua. Niliondoka mji huu na begi moja la mgongoni, nikakaa Nairobi miaka saba, nikarudi na diploma ya mitambo ya baridi ambayo hakuna aliyenilipia. Vyumba vya baridi vya wauza samaki karibu wote wa mji huu vimepita mikononi mwangu. Nasema haya mapema ili mjue kwa nini, familia ilipotafuta mtu wa kumsindikiza dada yangu mdogo Kavira na mwanawe, hawakumtazama mtu mwingine. Mimi ndiye noko wa mtoto, kaka wa mama yake. Ninajua mipaka, ninajua Kiingereza, na nimezoea kuongea na watu wenye koti jeupe bila kutetemeka.

Mtoto ni Plamedi, msichana, miezi mitano wakati huo. Alizaliwa na midomo ya rangi ya zambarau. Daktari mmoja wa hapa alimpima kwa mashine ile ya kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, akatuambia moyo wake umeumbwa na kasoro nne kwa pamoja. Mbili ndizo za kukumbuka: ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini una tundu, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba mno. Kwa hiyo damu isiyopata hewa inapitia kwenye tundu na kurudi mwilini vilevile ilivyo chafu. Akilia sana, ile njia nyembamba inajikaza zaidi, naye anageuka wa bluu na kulegea. Siku moja, daktari alisema, hatazinduka.

Alituambia pia kwamba huko Kampala kulikuwa na kundi la madaktari wa moyo wa watoto waliokuja kwa wiki mbili, wenye njia mpya ya kuwasaidia watoto wadogo hivi. Wangeondoka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mambo ya karatasi nayaruka. Ndege nayo nairuka: hakuna iliyokubali kumbeba mtoto wa rangi ile bila chupa ya oksijeni, na chupa hatukuwa nayo. Tukapewa dawa ya matone ya kupunguza kasi ya moyo, na onyo moja: asilie.

Ilikuwa Jumanne. Tulikuwa na siku kumi na moja.

KISANGANI HADI BAFWASENDE

Tulipanda Land Cruiser ya Papa Paluku, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Butembo, mtu wa kwetu kabisa. Abiria tulikuwa tisa, na juu ya paa kulikuwa na magunia, magodoro na mbuzi mmoja. Baba wa mtoto, shemeji yangu Lifoli, alibaki kwa sababu kuna mtoto mwingine mdogo nyumbani kwao Tshopo. Alisimama akishika mguu wa Plamedi mpaka gari likaanza kutembea, akatembea nalo hatua kadhaa, ndipo akauachia.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilinunua sokoni kiti cha plastiki cha mtoto, kile cha mitumba kutoka Ulaya, chenye mikanda mitatu na godoro dogo. Nilikisugua mwenyewe kwa sabuni. Nilikwisha kuona watoto wa Nairobi wakisafiri ndani ya viti kama hivyo, wamenyooka kama mawaziri. Nilimwambia Kavira mtoto mgonjwa hafungwi kwenye kitenge, anahitaji kunyooka ili hewa ipite.

Kavira alinitazama, mimi kaka yake mkubwa. "Yaya, Plamedi hapendi kunyooshwa."

"Anapenda, anachelewa tu kuzoea."

Papa Paluku, kabla ya kuwasha gari, aligeuka akawatangazia abiria: "Mutoto uyu iko na ugonjwa ya moyo. Akilia, anakufa. Donc, mwenye kumuliza, minamushusha pale pale, hata kama ni kati ya pori. Tumesikilizana?"

"Na wewe usipige honi," alijibu mama mmoja mnene aliyekaa nyuma na beseni la makayabu mapajani. Huyo ni Mama Bijou, muuza samaki wa chumvi, mkimjua mmoja wa aina yake mnawajua wote.

"Miye? Miye napiga honi kwa mbuzi tu."

"Basi mbuzi bapite."

Mpaka mchana mambo yalikwenda vizuri. Barabara ilikuwa kavu, kiti changu kilifungwa kati yangu na Kavira, na nilikuwa nikimweleza jirani yangu jinsi nilivyohifadhi kilo mia nane za samaki katika baridi bila mtambo wa kampuni. Baada ya Bafwaboli mvua ikaanza. Kabla ya Bafwasende tukakuta malori saba yamezama, moja nyuma ya jingine, tope likifika milangoni. Tulilala pale.

Nataka niseme ukweli hapa maana wengine mmeshausikia kwa Mama Bijou, na Mama Bijou anaongeza chumvi, ni kazi yake. Asubuhi Plamedi alizinduka ndani ya kiti. Alijinyoosha, mikanda ikamzuia, akaanza kulia. Kilio kifupi, cha hasira. Nilikaza mikanda nikidhani ameteleza. Akalia zaidi. Kisha midomo ikawa ya bluu, kisha uso mzima, kama wino uliomwagika chini ya ngozi. Kisha kilio kikakatika, na hicho ndicho kilichonitisha. Shingo ikalala upande.

"Fungua!" Kavira alipiga kelele. "Yaya, fungua iyo kitu yako!"

Vidole vyangu, hivi vinavyofungua nati ndogo gizani, vilishindwa na kifungo kimoja cha plastiki. Mama Bijou alipita juu ya mabega ya watu na kisu chake cha samaki, akakata mikanda yote mitatu kwa mara moja.

Kavira akamchukua mtoto. Hakumnyoosha. Alimkunja. Alimwegemeza kifuani, akamkunjia magoti mpaka yakagusa tumbo lake, akayabana pale kwa mkono, kama chura aliyeketi, akamfunga hivyo hivyo kwa kitenge na kuanza kumwimbia sikioni polepole. Dereva alizima hata redio. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Rangi ilirudi kidogokidogo, kwanza masikioni.

"Nani alikufundisha vile?" nilimwuliza.

"Hakuna. Ni yeye. Akisikia vibaya anajikunja. Miye namusaidia."

Mama Bijou alifuta kisu chake kwenye sketi. "Noko, diplome yako ni ya nini?"

"Mitambo ya baridi."

"Ah, bon. Basi baki na frigo."

Abiria walicheka, na mimi nikacheka kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Kiti kilibaki pale porini. Nadhani sasa kuku wa mtu anatagia ndani yake.

NIA-NIA, EPULU, MAMBASA

Tulitolewa kwenye tope Alhamisi mchana na vijana wa kijiji waliosukuma wakiimba kwa sauti ya chini, kwa sababu Papa Paluku aliwaambia sharti la mtoto. Watu ishirini wanasukuma gari wakinong'ona wimbo: mimi sijawahi kuona, na sitaona tena.

Nia-Nia tulikula lituma moto ya ndizi iliyotwangwa vizuri, na makayabu ya Mama Bijou, aliyokataa kutuuzia na kisha akatugawia bure huku akitutukana. Abiria waliniuliza huo moyo una nini hasa. Hapo nilirudi kwenye uwanja wangu. Nilichukua kijiti nikachora kwenye udongo.

"Moyo ni kompresa mbili ndani ya boksi moja," niliwaambia. "Moja inasukuma damu mapafuni ikachukue hewa. Nyingine inaipeleka mwilini. Huyu, ukuta kati ya kompresa umetoboka, na bomba la kwenda mapafuni limebanwa. Gesi haifiki inapotakiwa, inarudi nyuma. Friji kama hiyo inanguruma mchana kutwa na nyama inaoza."

"Na frigo kama ile unatengeneza namna gani?" aliuliza mwalimu mmoja wa kwaya aliyekuwa anakwenda Bunia.

"Nakata bomba, naweka jipya."

"Kwa mutoto?"

Nilifuta mchoro kwa kiatu.

Tangu hapo gari lilikuwa na utaratibu. Plamedi akianza kukunja uso, yeyote aliyemwona kwanza alinyoosha kidole, na mwalimu wa kwaya alianza kuvuma, na wote tukavuma naye. Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Epulu, askari mmoja alikuja dirishani akipaza sauti kuomba karatasi. Abiria tisa walimgeukia kwa pamoja: "Shhh!" Akashika bunduki. Mama Bijou akamwonyesha mtoto na kumwelezea kwa vidole. Askari aliinama, akamwangalia Plamedi kwa muda mrefu, kisha akatukagua mmoja mmoja kwa kunong'ona. "Jina?" alininong'oneza. Nami nikamnong'oneza jina langu lote, na diploma.

"Sikuuliza iyo," alinong'ona.

Mambasa tulilala Ijumaa. Komanda, tulipokuwa tukisubiri dereva abadilishe springi iliyovunjika, nilitengeneza jokofu la mwenye hoteli ambalo mafundi wawili walikwisha kulitangaza maiti. Tatizo lilikuwa waya mmoja. Alitupikia kuku mzima. Nimeliweka hili kwenye maandishi kwa sababu Mama Bijou hawezi kulisimulia.

BUNIA HADI MPAKANI

Bunia tuliagana na gari la Papa Paluku. Mwalimu wa kwaya alitaka kutuombea, akaomba kimyakimya, kwa mazoea. Mama Bijou alimbusu Plamedi kwenye nyayo, kisha akamwambia Kavira, bila kunitazama: "Ule mwanaume ukimwona na plastiki yoyote, unamupiga."

Jumapili tulifika Mahagi, tukakuta tumechelewa kuvuka. Mwenye nyumba ya wageni, mzee mkavu mwenye funguo shingoni, alitufungulia chumba kimoja chenye kitanda kimoja.

"Huyu ni dada yangu," nilimwambia.

"Wote banasema vile."

"Ni dada yangu wa tumbo moja!"

"Papa, miye siko padri. Taulo iko nyuma ya mulango."

Kavira alicheka mpaka akakaa chini, mara yake ya kwanza tangu Kisangani. Nililala sebuleni juu ya viti vitatu.

Jumatatu tulivuka. Upande wa Uganda barabara ni lami tupu, na mimi, nisifiche, nilijisikia mtu tena: Kiingereza changu kilifunguka, nilijua kuulizia basi, nilijua kukataa bei. Tulivuka Nili pale Pakwach, maji mapana na ya polepole. Kavira alisema mto wetu ni mkubwa zaidi, nikakubali. Njiani tuliletewa sahani ya matoke na mchuzi wa karanga. Kavira aliigeuza kwa kidole.

"Yaya, hawa batu balianza kupika lituma, balichoka kutwanga."

Lakini Plamedi alikuwa anadhoofika. Jumatatu alibadilika rangi mara mbili, Jumanne alfajiri ndani ya basi mara moja, na kila mara kukunjwa kulichukua muda mrefu zaidi kumrudisha. Kavira hakulala. Alikaa ameyabana yale magoti madogo kwa mkono mmoja, na mkono ulipokufa ganzi akabadili mwingine.

KAMPALA, MOYO WA PLASTIKI

Tulifika hospitali Jumanne mchana. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kiingereza kwa ajili ya daktari, na niliianza vizuri, lakini aliyetupokea kwenye kundi lile alikuwa mama mfupi kutoka Tanzania aliyenikatiza kwa Kiswahili: "Kaka, subiri kwanza. Nimwone mtoto." Kisha akamwuliza Kavira, siyo mimi, mtoto anabadilika rangi saa ngapi, na akibadilika wanafanya nini.

Kavira alionyesha. Alimkunja Plamedi magoti tumboni.

Daktari alisogea karibu. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu."

"Mama Plamedi, hivyo ndivyo tunavyofanya sisi hapa kabla hata ya kuchoma sindano. Ukimkunja miguu, damu inabanwa huku chini, inalazimika kwenda mapafuni. Bila hiyo asingefika." Akaandika kitu. Mimi nilitazama dirishani. Kulikuwa na mti wenye maua mekundu, nikauchunguza sana.

Jumatano walimpiga picha ndani ya mtambo mkubwa, na alasiri daktari alituita mezani. Alikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa. Alikifunua: moyo. Moyo wa plastiki ya rangi ya maziwa, mkubwa kama parachichi dogo, ulioweza kufunguliwa vipande viwili. Alisema mashine imeuchapa tabaka kwa tabaka kwa kufuata picha za Plamedi mwenyewe, ila wameukuza mara mbili ili macho yaone. Wa kweli ulikuwa kama ndimu. Hiyo ndiyo plastiki wanayoizungumzia Lubunga. Hakuna aliyemwekea. Ni wa kujifunzia, ili daktari ajue kona zote kabla ya kuingia.

Niliuomba. Niliushika mkononi, nikaweka kucha ndani ya lile tundu la ukutani. Kisha nikatafuta njia ya mapafuni, na kucha haikuingia. Nimeona mabomba mengi yaliyobanwa, lakini sijawahi kushika moja nikatamani kulia.

Daktari alieleza. Zamani mtoto mdogo hivi na dhaifu hivi alipasuliwa kifua kwa haraka, na wengi hawakuhimili. Au walimwambia mama asubiri akue, na watoto wengine hawakukua. Njia mpya inaanzia mguuni. Wanaingiza uzi wa chuma mwembamba kwenye mshipa wa paja, wanaufuata kwenye skrini mpaka ndani ya moyo, na katika ile njia iliyobanwa wanaacha kibomba cha wavu wa chuma kilichokunjwa. Puto dogo linakifungua, puto linatoka, kibomba kinabaki kimeishikilia njia wazi. Kifua hakiguswi.

"Na tundu la ukutani?" niliuliza.

"Tundu linabaki. Hii haimponyi, inampa muda. Akinenepa, akiwa na nguvu, ndipo afanyiwe upasuaji kamili: kibomba kinatolewa, tundu linazibwa."

"Mtoto atakua. Bomba la chuma halikui. Litambana tena."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi. "Swali zuri. Tunaweza kurudi na puto kubwa zaidi, tukalipanua. Wewe ni fundi wa nini?"

Nilimwambia. Hakucheka. Kavira alinyoosha mkono akachukua ule moyo kutoka mikononi mwangu, akaufunga vipande vyake viwili vikakutana, na kuuweka mezani polepole.

SIMU KUTOKA TSHOPO

Alhamisi asubuhi Plamedi alizinduka, akalia, akawa wa bluu, na kukunjwa hakukutosha. Walimpa oksijeni na sindano mbili. Aliporudi, daktari alituambia amepangwa saa sita mchana siku hiyo. Kesho yake walikuwa na watoto wengine wawili, na Jumamosi wanasafiri. Alihitaji sahihi.

Ninyi mnajua mambo yetu. Kwa watu wa shemeji yangu, watu wa mto wa kule Isangi, mwili wa mtoto haufunguliwi, hata kwa sindano kubwa, bila neno la mkubwa wa ukoo wa baba. Mkubwa huyo ni Papa Likunde, baba mkubwa wa Lifoli. Nilipiga simu. Lifoli aliweka sauti kubwa uani kwao Tshopo, na nikasikia viti vikisogezwa, na kikohozi cha watu wengi.

"Papa Likunde iko wapi?" niliuliza.

"Alishuka Isangi juzi," alijibu mama mkwe wa Kavira. "Na kutoka Isangi alipanda pirogi, alienda kwenye kambi ya samaki. Kule reseau ya simu haina."

"Atarudi lini?"

"Tumetuma mutu. Siku mbili. Tatu."

"Hatuna siku mbili."

Kisha sauti ya mzee mmoja nisiyemjua: "Noko, weye uko pale. Weye njo umesoma. Unasema je?"

Hapa nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku zote nimetaka kuulizwa swali hilo. Nilirudi mji huu ili watu waniulize swali hilo. Na lilipokuja, nilimwona Plamedi amekufa juu ya meza, na nikasikia ua zima la Tshopo likisema noko ndiye aliyemwua, noko na diploma yake, noko hakungoja wenye mtoto. Mdomo wangu ulifunguka, na kilichokuwa tayari kutoka ni hiki: tungoje.

Kavira alininyang'anya simu.

"Ni miye, Kavira," alisema. "Bapapa, bamama, minawaheshimu. Papa Likunde minamuheshimu. Lakini yeye hajamuona mutoto asubuhi ya leo. Miye nimemuona. Nimemukunja, hajarudi. Nimemukunja tena, hajarudi. Mikono yangu imekwisha. Batu ya hapa iko na kitu moja ya kujaribu, na saa sita wanaijaribu. Miye nasema ndiyo. Akikufa, aniuwe miye Papa Likunde."

Kelele zikaanza upande wa pili. Mtu alisema mwanamke hakati shauri la ukoo. Mwingine alisema aachwe, ni mama. Kisha sauti ya Lifoli, karibu sana na simu, kama aliyeinama juu yake:

"Mama Plamedi."

"Ee."

"Baingie. Miye ni baba yake. Papa Likunde akikuya, atanikuta hapa mlangoni, miye njo nitamujibu. Noko iko pale?"

"Niko hapa," nilisema.

"Tia sahihi pamoja naye. Asikuwe peke yake kwenye karatasi."

Nilitia sahihi chini ya jina la dada yangu. Waliotangulia walikwisha kubeba uzito.

NYUMA YA MLANGO

Ilichukua saa mbili na nusu. Hakuna la kusimulia kuhusu kungoja. Kavira alikaa, mikono yake imeshika hewa kifuani, bado imekunjwa namna ileile. Niliishusha mara moja, ikapanda tena.

Daktari alitoka amevaa kofia ya kitambaa cha maua. Alikuwa anatabasamu kabla ya kufika. Alisema uzi uligoma kwenye kona moja, ileile waliyoiona kwenye moyo wa plastiki, wakaipita kama walivyojizoeza. Kibomba kimekaa. Wavu umefunguka. Damu inakwenda mapafuni.

"Niende?" Kavira aliuliza.

"Nenda. Usishtushwe na rangi."

Nilidhani anamaanisha rangi mbaya. Tuliingia, na juu ya shuka nyeupe kulikuwa na mtoto nisiyemjua. Alikuwa na pua ya Plamedi na nywele za Plamedi, lakini kucha zake zilikuwa za waridi, midomo ya waridi, hata nyayo. Kavira alifunua shuka akamtazama vidole vya miguuni, kimoja kimoja, vyote kumi. Kisha akatazama kucha zake mwenyewe, akaziweka kando ya zile.

"Ni kama zangu," alisema.

IJUMAA ASUBUHI

Safari ya kurudi ilikuwa fupi, wiki mbili baadaye, na haina habari. Papa Likunde alikuja Tshopo, akakaa na Lifoli uani tangu chakula cha mchana mpaka jua kuzama, na waliyozungumza ni yao. Plamedi anameza dawa zake, anapimwa kila mwezi. Upasuaji mkubwa bado uko mbele, na hatari zake ziko palepale. Sitaki mtu aende kutangaza kwamba amepona. Amepewa muda, na anautumia.

Ila mmeniuliza ni lini hasa nilijua kwamba tumeshinda. Si kwenye skrini, na si kwenye zile kucha.

Kuna jambo sikuwaambia hapo juu kwa sababu Kavira aliona haya. Tangu azaliwe, Plamedi hakuwahi kunyonya akashiba. Alivuta mara tatu, nne, akaacha kupumzika, jasho likimtoka kwenye paji la uso kama mtu aliyebeba gunia. Akavuta mbili, akalala kwa uchovu, akaamka na njaa. Dada yangu alikamua maziwa akampa kwa kijiko, tone kwa tone, usiku na mchana, miezi mitano. Njia nzima ya Ituri alikuwa akifanya hivyo chini ya kitenge, na mimi nikimweleza jirani habari za kilo mia nane za samaki.

Ijumaa asubuhi muuguzi alimletea mtoto kifuani. Mimi niligeukia ukuta, kama inavyopasa. Nikasikia anavuta. Moja, mbili, tatu, nne, nikasubiri kimya kile cha kupumzika. Tano. Sita. Nilifika ishirini nikapoteza hesabu. Ilikuwa sauti ya mtu mdogo mwenye kazi ya kufanya, bila pupa, bila kukata. Kisha kilio kifupi cha kudai, na Kavira akamhamishia upande wa pili, na ile sauti ikaanza upya.

"Yaya," Kavira aliniita. Sauti yake ilikuwa imejaa maji, lakini alikuwa anacheka.

"Ee?"

"Usisimame pale kama poto ya umeme. Kimbia, tafuta chakula. Mingi. Hata ile lituma yao ya uvivu, leta. Huyu mutoto atanimaliza."

Nilitoka mbio. Kwenye ngazi nilimpita yule daktari mfupi, akauliza kuna nini, nikamjibu bila kusimama: "Ananyonya!" Nikavuka barabara ya Kampala kati ya pikipiki zote zile, mimi mtu mzima mwenye diploma, nikipiga kelele kuuliza ni wapi wanauza chakula cha mwanamke anayenyonyesha.